Mshahara wa Mamluki na Gharama za Haki: Kutoka Katanga ya 1960 hadi Siku Hizi

Historia ya vita vya kukodiwa katika Afrika imeandikwa mara nyingi kwa kufuata nyayo za watu: Hoare, Denard, Schramme na wenzao. Imeandikwa pia kwa kufuata siasa za mataifa makubwa na tamaa ya madini. Upo upande mmoja, hata hivyo, ambao haujatazamwa vya kutosha, nao ni upande wa fedha za haki. Mamluki ni askari apiganaye kwa mshahara, na mshahara huo huwa na mlipaji. Lakini pindi askari huyo anapoua raia, anapotesa mfungwa au kupora mji, hesabu nyingine inafunguliwa: ni nani atakayemlipa mpelelezi, hakimu, wakili na mkalimani? Ni nani atakayetoa nauli ya shahidi, na mwishoni fidia ya mjane?

Makala haya yanafuatilia hesabu hiyo ya pili. Yanakusudia kuonyesha kwamba, kwa muda wa zaidi ya miaka 60, sheria haikukosekana kabisa. Kilichokosekana ni mfuko. Pale mfuko ulipopatikana kesi ilisikilizwa, na mara nyingi ilisikilizwa kwa kadiri ya haja za mwenye mfuko. Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi, na msemo huo unahusu mahakama kama unavyohusu soko.

1. Katanga: ndege badala ya hukumu

Tarehe 11 Julai 1960 Moïse Tshombe alitangaza kujitenga kwa Katanga. Serikali yake iliishi kwa kodi na malipo ya kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, na hazina hiyo ndiyo iliyobeba mzigo wa jeshi lake, pamoja na maofisa wa kigeni na mamluki waliolitumikia. Katika azimio la tarehe 21 Februari 1961, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilidai watu hao waondoke. Tarehe 28 Agosti mwaka uo huo, majeshi ya Umoja wa Mataifa yaliwakamata wengi wao huko Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, na katika miji mingine.

Azimio la 169, la tarehe 24 Novemba 1961, lilikwenda mbali zaidi. Lilimruhusu Katibu Mkuu kutumia nguvu ili mamluki wakamatwe, wawekwe kizuizini wakingoja kufikishwa mbele ya sheria, au wafukuzwe nchini. Maneno hayo yalifungua milango miwili, mmoja wa mahakama na mwingine wa uwanja wa ndege. Mlango wa pili ndio uliotumiwa. Kumfukuza mtu kulihitaji kiti katika ndege. Kumhukumu kulihitaji majaji, majalada, mashahidi na gereza, katika nchi ambayo kwa wakati ule ilikuwa na Wakongo wachache mno waliosomea sheria. Miongoni mwa waliofukuzwa walikuwamo waliorudi Katanga kwa njia nyingine na kushika tena silaha.

Wakati huohuo ulimwengu ulikuwa ukibishana kwa nguvu juu ya fedha za Kongo, ila si fedha za haki. Ufaransa na Umoja wa Kisovieti zilikataa kuchangia gharama za jeshi la Umoja wa Mataifa. Baraza Kuu liliidhinisha hati za mkopo za dola milioni 200, na suala lenyewe likapelekwa mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki huko La Haye. Tarehe 20 Julai 1962 mahakama hiyo, kwa kura 9 dhidi ya 5, ilitoa maoni kwamba gharama zile zilikuwa za Umoja wa Mataifa wenyewe. Hivyo walipatikana majaji 14 wa kuamua ni nani alipe vita dhidi ya mamluki. Swali la nani alipe kesi dhidi ya mamluki halikuulizwa mbele yao.

2. Bukavu na Cyangugu, 1967–1968

Mwaka 1964 Tshombe alirudi Léopoldville akiwa waziri mkuu wa Kongo nzima, naye akawaita tena mamluki ili kupambana na uasi wa Simba. Kikosi cha tano cha makomando, kilichoongozwa na Mike Hoare, kilishiriki katika mapigano ya mashariki mpaka Stanleyville, ambayo leo ni Kisangani. Habari za raia kuuawa na nyumba kuporwa zilichapishwa hata katika magazeti ya Ulaya, baadhi yake zikitoka vinywani mwa mamluki wenyewe. Hapa ugumu mpya ulionekana: aliyewaajiri alikuwa serikali. Hazina iliyolipa mishahara ndiyo hiyohiyo ambayo ingepaswa kulipa mwendesha mashtaka.

Tarehe 5 Julai 1967 mamluki wa Schramme na Denard walimwasi mwajiri wao, Jenerali Mobutu. Mwezi Agosti Schramme aliiteka Bukavu, akaishikilia hadi mwanzo wa Novemba, ambapo yeye na watu wake walivuka mto Ruzizi na kuingia Cyangugu, upande wa Rwanda. Walikuwa mamluki zaidi ya 100 pamoja na wanajeshi wengi wa Kikatanga na jamaa zao. Baraza la Usalama lilitoa maazimio mawili mwaka ule, moja la tarehe 10 Julai na jingine la tarehe 15 Novemba, juu ya uandikishaji wa mamluki na matumizi ya Angola, iliyokuwa koloni la Ureno, kama kituo chao.

Serikali ya Kinshasa ilidai irudishiwe mamluki hao ili iwahukumu. Rwanda ilikataa, na Januari 1968 Kongo ikavunja uhusiano wa kibalozi na jirani yake. Mwezi Aprili mamluki walisafirishwa kwenda Ulaya chini ya usimamizi wa Halmashauri ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu. Wanajeshi wa Kikatanga hawakupewa safari ya namna hiyo. Walirudishwa Kongo kwa ahadi ya msamaha, na wanahistoria wanaeleza kwamba wengi wao waliuawa. Wakaaji wa Bukavu, waliopoteza watu na mali katika miezi ile mitatu, hawakupata mahakama ya kuwasikiliza.

Yafaa kukumbukwa jinsi hadithi ya Schramme ilivyokwisha. Mwaka 1986 mahakama ya Mons, nchini Ubelgiji, ilimhukumu miaka 20, naye hakuwapo kwa kuwa alikuwa akiishi Brazil, ambako alifariki mwaka 1988. Hukumu hiyo ilihusu mauaji ya Mbelgiji mmoja, yaliyotendeka Kongo mwaka 1967. Familia iliyokuwa na serikali na mahakama zake ilipata hukumu baada ya miaka 19. Familia za Kikongo zilizofiwa mwaka ule hazikuwa na hazina ya kuendesha kesi katika mji wa Mons.

3. Luanda 1976: dola iliyolipa yenyewe

Kesi ya kwanza kubwa ya mamluki katika Afrika huru ilisikilizwa Luanda mwaka 1976. Washtakiwa 13, wengi wao Waingereza, walikuwa wameandikishwa kupigana upande wa chama cha FNLA cha Holden Roberto, na walipitia Kinshasa kabla ya kuvuka mpaka. Waliahidiwa pauni 150 kwa juma. Kesi ilifunguliwa tarehe 11 Juni, hukumu ikatolewa tarehe 28 Juni. Wanne waliuawa kwa kupigwa risasi tarehe 10 Julai, na tisa walifungwa kwa vipindi vya kati ya miaka 16 na 30. Serikali ya Angola ilialika pia tume ya kimataifa ya watazamaji, ambayo iliandika rasimu ya mkataba dhidi ya mamluki.

Luanda ilithibitisha kwamba jambo hilo liliwezekana. Ilithibitisha pia mipaka yake. Angola iligharamia kesi kwa sababu ilikuwa imeshinda vita, na kwa sababu ilitaka dunia nzima iyaone mashtaka yake dhidi ya waliowatuma mamluki. Kesi iliyoharakishwa hivyo, ndani ya siku chache, ilikuwa kesi ya dola kwanza, na ya wahanga baadaye. Dola iliyoshindwa, au dola iliyowaajiri mamluki yenyewe, haiwezi kuiga mfano huo.

Jambo hilo lilijitokeza tena Shelisheli. Tarehe 25 Novemba 1981 Hoare na watu wake walijaribu kuipindua serikali ya visiwa hivyo, wakashindwa, wakakimbilia Afrika ya Kusini kwa ndege waliyoiteka ya shirika la Air India. Mwaka 1982 Hoare alihukumiwa miaka 10 huko Pietermaritzburg, lakini kwa kosa la kuteka ndege. Kwa upande wa Shelisheli, Baraza la Usalama, katika azimio la 507 la tarehe 28 Mei 1982, lilianzisha mfuko maalumu wa kuisaidia nchi hiyo kurekebisha hasara za kiuchumi. Mfuko huo ulitegemea michango ya hiari. Hapo ndipo wazo la mfuko kwa ajili ya madhara ya mamluki lilipoingia katika maandishi ya Umoja wa Mataifa, ila liliingia kama sadaka, si kama deni la mkosaji.

4. Mikataba bila hazina

Mikataba miwili ilizaliwa kutokana na mambo hayo. Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulipitisha mkataba wake Libreville tarehe 3 Julai 1977, ukaanza kutumika mwaka 1985. Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha wa kwake tarehe 4 Desemba 1989, nao ukaanza kutumika mwaka 2001. Mikataba yote miwili inaeleza mamluki ni nani, inautaja umamluki kuwa kosa, na inaitaka kila nchi iliyomkamata mtu wa namna hiyo imhukumu au imkabidhi kwa nchi nyingine. Hakuna hata mmoja ulioanzisha mfuko wa upelelezi, wa mawakili au wa fidia.

Upungufu huo ulikuwa mzito zaidi kwa sababu mamluki wenyewe walikuwa wakibadilika. Executive Outcomes ya Afrika ya Kusini, iliyoanzishwa mwaka 1989, ilikuwa kampuni yenye hati za usajili na mikataba ya kuandikwa. Ilifanya kazi Angola kuanzia mwaka 1993 na Sierra Leone kuanzia mwaka 1995. Mkataba wa Sierra Leone unakadiriwa kuwa uligharimu kiasi cha dola milioni 35 kwa miezi 21. Mamluki wa Katanga aliweza kufukuzwa kwa ndege. Kampuni ilikuwa na mawakili wake, na ilipofungwa mwishoni mwa mwaka 1998 hapakubaki mtu wa kudaiwa.

Sierra Leone inatoa somo jingine. Mahakama Maalumu ya nchi hiyo, iliyoanzishwa mwaka 2002, iliendeshwa kwa michango ya hiari ya mataifa. Vita vilianza mwaka 1991, lakini mamlaka ya mahakama yaliwekewa mpaka wa tarehe 30 Novemba 1996, kwa hoja kwamba kurudi nyuma mpaka mwaka 1991 kungeitwisha mahakama mzigo mkubwa mno. Tarehe hiyo ndiyo ya mapatano ya Abidjan, ambayo yalitaka Executive Outcomes iondoke. Kwa hiyo, hata kama mtu angetaka kuchunguza matendo ya kampuni hiyo wakati wa mapigano makubwa, mahakama haikuwa na mamlaka juu ya miaka ile. Uwezo wa mahakama ulipunguza miaka ya historia yenyewe.

Kisangani nayo haikusahau mwanzo wa mwaka 1997. Mobutu, akikaribia kuanguka, aliwaleta mamluki kutoka Ulaya, wakiwamo Waserbia waliokaa katika uwanja wa ndege wa mji huo. Wakaaji walimshtumu kiongozi wao, aliyejulikana kwa jina la Kanali Yugo, kwa mateso na mauaji ya raia. Mji ulitekwa tarehe 15 Machi 1997, na mamluki walikuwa wamekwisha kuondoka. Aliyewaajiri alipoteza utawala miezi miwili baadaye, akafa Septemba mwaka uo huo. Malalamiko ya wakaaji yalibaki bila mwajiri wa kumdai na bila mahakama ya kuyapokea.

5. Mawakili na vyama: mfuko wa tatu

Baada ya vita vya Iraki vya mwaka 2003, kampuni za kijeshi zilikuwa sehemu ya kawaida ya vita vya dola tajiri. Kesi mbili zinafaa kulinganishwa.

Ya kwanza ni ya uwanja wa Nisour, mjini Baghdad, ambako tarehe 16 Septemba 2007 walinzi wa kampuni ya Blackwater waliwapiga risasi raia na kuua 17. Serikali ya Marekani ndiyo iliyogharamia upelelezi, na mashahidi wa Kiiraki walisafirishwa mpaka Washington. Kesi ilifutwa mwaka 2009, ikafufuliwa, na mwaka 2014 walinzi wanne walipatikana na hatia. Tarehe 22 Desemba 2020 rais wa Marekani aliwasamehe wote wanne. Aliye na hazina aliweza kuifungua kesi, na dola hiyohiyo ikaweza kuifuta kwa saini moja.

Ya pili ni ya gereza la Abu Ghraib. Mwaka 2008 Wairaki walifungua madai Marekani dhidi ya kampuni ya CACI, iliyokuwa imetoa wahoji wa wafungwa. Wadai hawakuwa na fedha. Waliwakilishwa na Kituo cha Haki za Kikatiba cha New York pamoja na mawakili wengine waliokubali kusubiri bila kujua kama watalipwa. Mwaka 2013 kesi ilipofutwa na mahakama ya kwanza, watu hao waliokuwa wameteswa waliamriwa wailipe kampuni gharama za kesi zilizokaribia dola 14,000. Rufani iliirudisha kesi mwaka uliofuata. Tarehe 12 Novemba 2024, huko Alexandria katika jimbo la Virginia, baraza la mahakama liliamua kwamba kampuni ilishiriki katika njama ya kuwatesa, na ilipe dola milioni 42 kwa wadai watatu. Kampuni ilikata rufani. Miaka 16 ilikuwa imepita, na kwa muda wote huo kesi ilisimama kwa sababu walikuwapo watu nje ya serikali walioweza kuibeba.

Kongo inaijua njia hiyo kwa uchungu wake. Mwezi Oktoba 2004, huko Kilwa, kando ya ziwa Mweru, wanajeshi wa serikali waliua raia zaidi ya 70. Magari ya kampuni ya madini ya Anvil Mining yalitumika katika operesheni hiyo. Walioua hawakuwa mamluki, lakini swali la gharama ni lilelile, kwa sababu nguvu ya silaha na mali ya kampuni vilikutana. Tarehe 28 Juni 2007 mahakama ya kijeshi ya Lubumbashi iliwaachilia washtakiwa kwa mashtaka ya Kilwa, wakiwamo wafanyakazi watatu wa kampuni hiyo. Kilwa iko umbali wa kilomita 350 hivi kutoka Lubumbashi, na kwa mvuvi wa ziwa nauli ya safari moja ni kizuizi kama kilivyo kifungu cha sheria. Madai yaliyopelekwa Québec yalikataliwa na mahakama ya rufani mwaka 2012 kwa sababu ya mamlaka. Vyama vya haki za binadamu, kimojawapo kikiwa cha Lubumbashi, viliipeleka kesi mbele ya Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Uamuzi wake, uliotangazwa mwaka 2017, uliitaka serikali ya Kongo iwalipe wahanga wanane na jamaa zao dola zipatazo milioni 2.5. Kutangaza fidia na kuilipa ni mambo mawili tofauti, na Tume haina hazina ya kulipa mahali pa dola.

6. Hitimisho: deni liandikwe siku ya mkataba

Kutokana na maelezo haya, mifuko mitatu inatambulikana. Mfuko wa dola iliyoshinda ulilipa Luanda. Mfuko wa dola ya asili ya mamluki ulilipa Pietermaritzburg, Mons na Washington, kila mara kwa sababu zake. Mfuko wa mawakili na vyama ulibeba Abu Ghraib na Kilwa. Wote mitatu hutegemea hiari, na hiari haina ratiba.

Tangu mwaka 2008 kumekuwa na juhudi mpya. Hati ya Montreux ya Septemba mwaka huo, iliyokubaliwa kwanza na nchi 17, inakumbusha wajibu wa dola zinazokodi kampuni. Mwaka 2010 kampuni zenyewe zilitia saini kanuni za mwenendo, na mwaka 2013 ikaundwa jumuiya ya kuzisimamia huko Geneva. Sehemu moja ya fedha za jumuiya hiyo hutoka katika ada za kampuni zinazosimamiwa. Kuna haki katika kumtaka anayefaidika achangie. Lakini pasipo mkono wa kujitegemea, kesi ya ngedere inaweza kuishia mikononi mwa nyani.

Mfano mwingine umo katika Mfuko wa Wahanga wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai. Mwaka 2017, baada ya Germain Katanga kuhukumiwa kwa shambulio la Bogoro la mwaka 2003, wahanga 297 walitambuliwa, na kwa kuwa mhukumiwa hakuwa na mali, Mfuko ulibeba malipo mahali pake. Hapo fidia haikufa pamoja na ufukara wa mkosaji. Lakini mahakama hiyo huhukumu watu, haihukumu kampuni.

Tarehe 29 Januari 2025, baada ya Goma kutekwa, Waromania zaidi ya 280 waliokuwa wamekodiwa kuisaidia serikali ya Kongo walivuka mpaka kuingia Rwanda, wakapelekwa Kigali, na kutoka huko wakarudi kwao kwa ndege. Kati ya Cyangugu na Gisenyi ni ziwa Kivu tu. Kati ya Aprili 1968 na Januari 2025 ni karibu miaka 57. Waromania hao hawakuja Goma kama waasi, nao hawalinganishwi na watu wa Schramme kwa matendo. Linalolinganishwa ni njia: askari wa kigeni aliyekodiwa bado ana ndege ya kumrudisha kwao, hali raia wa mahali alipopigana hana ofisi ya kupelekea madai yake, kama anayo.

Dawa iliyo karibu zaidi na mafunzo ya historia hii ni kwamba fedha za haki zitengwe kabla ya risasi ya kwanza. Serikali au kampuni inayokodi askari wa kigeni iweke dhamana siku ya kutia saini, mikononi mwa chombo kisicho chake, kwa ajili ya upelelezi, mawakili, nauli za mashahidi na fidia. Mishahara ya mamluki haijawahi kungoja michango ya hiari. Imo katika mkataba, kwa tarakimu na tarehe. Mjane wa Bukavu, wa Kisangani au wa Kilwa naye anastahili mstari wake katika karatasi hiyohiyo.